Nyimbo za Watu wa Shaba

Mtu atokaye Lubumbashi kwenda mto Luapula hupita Kasomeno, na hapo njia zinagawanyika: moja yaelekea Kasenga, nyingine yaelekea Pweto. Zamani za Wabelgiji malori ya wafanya biashara Wayunani yalipita njia hiyo, yamejaa samaki waliofunikwa barafu, kuwalisha watu wa migodi ya Elisabethville. Vijana wa Luapula nao waliifuata njia hiyo hiyo, wengi kwa miguu, kwenda kutafuta fedha ya kodi na ya mahari. Waliporudi walileta nguo, baiskeli na nyimbo. Baiskeli zimekwisha kuliwa na kutu. Nyimbo nyingine zipo bado, nazo ndizo tutakazo kuzipima leo.

Twasema kuzipima, maana wasomaji wetu wamezoea kuona katika magazeti kwamba kitabu hupimwa, na tenzi hupimwa, lakini wimbo wa mtu wa koleo huachwa uimbwe tu, kama kwamba ni jasho ambalo hupanguswa na kusahauliwa. Hata wasomi wetu wengine, ukiwauliza kama wafanya kazi wa Katanga walikuwa na ushairi, watakujibu kwamba walikuwa na bia na gitaa. Sisi hatukubali. Walikuwa na ushairi, na ushairi huo ulikuwa na kazi yake maalum, wala si ile ambayo watu huitazamia.

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi watu wale walivyofika. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika na mji wa Elisabethville ukaanza kujengwa. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likayeyusha shaba ya kwanza. Watu wa kufanya kazi hiyo hawakuwapo mahali pale kwa wingi uliotakiwa. Wakatafutwa Luapula na nchi ya Wabemba, wakatafutwa Lomami na Kasai, halafu hata Ruanda na Urundi. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wengine chifu aliwasukuma kwa sababu Bula Matari alimsukuma yeye. Mtu akifika kambini aliandikwa katika daftari akapewa namba. Kijijini alikuwa mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani, mwenye mto wake na mlima wake. Mbele ya kapita na mbele ya dirisha la posho alikuwa namba.

Hapo ndipo ushairi ulipoanzia, kwa maoni yetu. Namba ilipochukua mahali pa jina, watu walianza kutunga majina.

Shairi la kwanza la mfanya kazi wa Katanga lilikuwa fupi kabisa: neno moja. Kampuni waliiita Changachanga, na wengi hulieleza jina hilo kuwa ni yule awachanganyaye watu wa makabila yote mahali pamoja. Serikali ilikuwa Bula Matari, mvunja mawe, jina lililotoka magharibi ya Kongo tangu siku za Stanley likaenea nchi nzima. Mzungu kwa Mzungu alipewa lake, kwa mwendo wake, kwa tumbo lake, kwa ukali wake au kwa neno alilopenda kulisema. Mtu atasema, huu ni mzaha wa maboi jikoni. Ndiyo, ni mzaha. Lakini tazama lilivyotengenezwa jina la Changachanga: halitukani wala halisifu, lataja kitendo kimoja tu cha kampuni, tena kile kitendo ambacho kampuni yenyewe haikukiandika katika taarifa zake za faida. Yeye aliyeitwa kwa namba na bwana alimwita bwana kwa tendo lake. Mtunzi wa tenzi angehitaji beti kumi kusema hayo.

Majina ya namna hiyo yamehifadhiwa katika kitabu kidogo cha ajabu, ambacho twatamani kila parokia ya Katanga iwe nacho. Kilitungwa na André Yav mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani mwa Wazungu, na jina lake kwa Kifaransa maana yake ni msamiati wa mji wa Elisabethville. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha mjini kwetu, bila kuomba radhi kwa Kiswahili cha pwani, na kwa muda mrefu hakikusomwa na watu wengi mpaka Johannes Fabian, mtaalamu wa habari za watu, alipokichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Si kitabu cha mashairi. Hata hivyo mtu akikisoma kwa sauti, kama inavyopasa, atasikia kwamba mwandishi hawezi kupita jina bila kusimama: jina la mji, jina la Mzungu, jina la mahali palipokuwa na nyumba fulani. Wanahistoria wamelalamika kwamba miaka imechanganyikana mle. Ni kweli, imechanganyikana. Lakini sisi twakisoma kama watu wanaosoma vitabu vya nasaba katika Agano la Kale, ambamo jina ndilo habari yenyewe.

Sasa tufike mahali pazito. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda na kazi imeongezwa ili shaba ipatikane kwa majeshi. Wafanya kazi Weusi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, wakagoma. Tarehe 9 Desemba watu wengi walikusanyika katika kiwanja cha mpira huko Elisabethville. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, karani. Askari wakapiga risasi, Mpoyi akauawa na wengine pamoja naye. Hesabu ya serikali na hesabu ya watu hazikupatana kamwe, lakini hata ile ndogo yahesabu makumi ya maiti.

Mtu atazamiaye ushairi wa kugombea haki atauliza: wimbo wa siku ile uko wapi? Nchi nyingine zinazo nyimbo za migomo yao, zenye vishindo na miguu ya kupiga hatua, zenye kutaja siku ya ushindi. Sisi hatuujui wimbo wa namna hiyo uliotoka kiwanja kile. Tena haishangazi, kwa maana baada ya risasi kulikuwa na hofu, na wimbo wa mgomo ungemfikisha mwimbaji gerezani. Lakini jina la Mpoyi halikupotea. Lilitembea kinywani mwa watu zaidi ya miaka 30, hata mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alipochora historia ya nchi yetu katika miaka ya 1970, vifo vile vya wafanya kazi wa Union Minière vikawa miongoni mwa picha zake. Hakuna shule iliyokuwa imewafundisha watu habari hizo. Basi tujiulize: ni chombo gani kilichobeba jina hilo miaka yote hiyo?

Kwa Waluba wa kambini, chombo cha kubebea majina ya wafu kilikuwa kasala.

Wasomaji wetu wasio Waluba tutawaeleza kwa kifupi. Kasala ni utenzi wa kusifu na wa kulilia, usemwao kwa kuimba nusu na kunena nusu, hasa kwenye kilio, na mara nyingi wanawake ndio mafundi wake. Patrice Mufuta aliukusanya na kuueleza katika kitabu kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1960; Clémentine Faïk-Nzuji, mshairi wa kwetu, alitoa chake mwaka 1974. Mwenye kasala hasimulii habari tangu mwanzo mpaka mwisho. Yeye huita. Humwita marehemu kwa jina lake, kwa jina la baba na mama, kwa majina ya sifa ya ukoo, kwa mto na kilima walikotoka, kwa methali zilizo mali ya watu wake. Halafu anajitaja mwenyewe na huzuni yake. Halafu anawageukia waliopo mmoja mmoja na kuwaita pia, mpaka aliyekuja kwa heshima tu akijikuta analia au anatoa sarafu mfukoni. Kila jina ni kama mlango unaofunguliwa. Mtu asiyetajwa huona kwamba ameachwa nje.

Fikirini maana ya utenzi huo ukiingia katika kambi ya kampuni. Amekufa mtu wa tanuru. Katika daftari namba yake yapigwa mstari na nyumba yatakiwa kwa mwingine. Usiku, uani, mama mmoja aanza kumwita. Ili msomaji apate sura ya jambo lenyewe, tunatunga hapa mistari michache ya mfano, iliyo yetu na si ya mwimbaji yeyote:

Wewe mwana wa mhunzi, mjukuu wa waliochimba kwa jembe la mti,
uliyevuka Lualaba ukiwa na viatu begani,
tanuru lilikuuliza jina, ukalijibu kwa kikohozi;
kapita alikuhesabu, mimi sikuhesabu, mimi nakuita.
Itika basi. Walio hapa wote nimewaambia utaitika.

Hakuna dai la mshahara humo. Hakuna neno juu ya mkubwa wa kampuni. Walakini tanuru limetajwa na kikohozi kimetajwa, na kila mtu aliyekaa uani pale, naye ana kikohozi, amesikia. Kasala haimwambii mtu agome. Yamrudishia ukubwa wake, na mtu aliyekumbushwa kwamba ni mwana wa watu si rahisi kumdhulumu kesho yake kama ilivyokuwa jana. Kwa sababu hiyo twasema kwamba ushairi wa mfanya kazi wa Katanga ulikuwa kutetea haki hata pale ambapo haukutaja haki. Mkate ulidaiwa na Mpoyi na wenzake. Mama wa kilio walidai jina. Nasi twashuku kama wale wa kwanza wangethubutu kusimama kiwanjani kama usiku mwingi kabla ya hapo wasingesikia watu wao wakiitwa.

Wakristu wa Katanga wana sababu ya pekee ya kulijua jambo hili. Mwaka 1958 huko Kamina, mji wa reli, Padre Guido Haazen Mfransisko na kundi lake la wavulana na walimu waliimba Misa ambayo dunia nzima sasa yaijua kwa jina la Missa Luba. Walioichunguza wanaeleza kwamba Kyrie yake imeimbwa kwa namna ya kasala. Wengi waliinunua sahani ile Ulaya kwa ajili ya ngoma zake, wakacheza. Sisi tukisikiliza twasikia neno jingine: maneno ya Kiyunani ya kuomba huruma yamewekwa ndani ya sauti ambayo mama wa kambini alimwitia mtu wake. Hakuna mfano mwingine tuujuao ambamo kilio cha nchi hii kimeingia katika Misa bila kuvuliwa viatu mlangoni. Tuna lawama moja kwayo. Gloria yapita upesi mno, mfano wa mtu aliyefurahi kabla ya kumaliza kulia. Lakini hili ni jambo la masikio, na mwingine anaweza kusikia vingine.

Upande wa gitaa mambo ni tofauti, na hapa watu hubishana sana. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville kijana mmoja wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akanasa wimbo wake uitwao Masanga. Vidole vya kijana yule vilisikika Nairobi na Johannesburg na mbali zaidi. (Jina lake la ubatizo ni la Mtakatifu Yohane Bosko, yule wa Torino aliyeandikiana mikataba na mabwana wa viwanda ili wasiwapige vijana wao wa kazi wala kuwanyima mapumziko. Hatusemi kwamba mpiga gitaa aliyafikiri hayo.) Yeye, na Edouard Masengo, na Losta Abelo, waliimba kwa Kiswahili cha mjini juu ya mambo ya mjini: fedha inayokwisha, mwanamke anayeondoka, safari, rafiki, kinywaji.

Wako wasemao kwamba nyimbo hizi si za wafanya kazi kwa kuwa hazimtaji bwana wala mgodi. Hoja hii haina nguvu. Mtu aliyetoka shimoni Jumamosi hataki kuimba shimo. Kwamba wimbo mzima waweza kuendelea bila kampuni kutajwa hata mara moja, hilo lenyewe ni neno: kuna saa katika juma ambazo si za Changachanga. Hata hivyo tutasema tunavyoona. Nyimbo hizi zapendeza kwa vidole kuliko kwa maneno. Mara nyingi maneno ni vipande vilivyookotwa, kimoja hakishikani na kingine, na mwanamke wa ndani yake hana jina ila lawama. Tukizilinganisha na kasala, ambayo mwanamke ndiye mwenye neno, gitaa la Katanga lina upungufu ambao sifa za Ulaya hazijauona. Bosco alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Vidole vyake bado vyaigwa, maneno yake machache ndiyo yamebaki midomoni.

Hapa ndipo wasomaji waliosoma shule za mashariki watasimama na kusema: mashairi yako wapi? Wanataka mizani na vina. Tunawaheshimu. Katika Tanganyika, tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, makarani, wapishi na wapiga chapa walipeleka gazetini mashairi yao yaliyopimwa vizuri. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Dodoma, aliigeuza Injili kuwa utenzi. Nchi ile ilikuwa na gazeti lililopokea shairi, na wasomaji waliojua kulijibu kwa vina vile vile siku ya pili. Katanga haikuwa na hayo. Kiswahili kililetwa huku kuwa lugha ya kazi na ya amri, mtu akafundishwa kwanza maneno ya kuhesabu, kubeba na kunyamaza. Kwamba watu waliipokea lugha ya amri wakaifanya ya mzaha na ya mapenzi, ni ushindi ambao vina haviwezi kuupima. Anayechukua kamba ya kupimia ya Tanga na kuja kupima nayo uani Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, atarudi akisema hakukuta kitu.

Kipimo chetu ni kingine, nacho ni hiki: katika wimbo huo, ni nani anayetajwa kwa jina?

Kipimo hiki chaonekana kidogo, lakini kimetusaidia kuutambua wimbo wa uongo. Katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilitia watu wote katika kile kilichoitwa animasyo. Shuleni, ofisini, na viwandani, watu walisimama asubuhi wakaimba na kucheza kumsifu kiongozi. Mwaka 1967 vyama vyote vya wafanya kazi vilikuwa vimekwisha kufungwa katika chama kimoja. Halafu ikaja salongo, kazi ya shurti isiyo na mshahara, iliyopewa jina la furaha. Ukisikiliza juu juu, nyimbo za animasyo zina kila kitu cha ushairi wa wafanya kazi. Zinaimbwa na wengi pamoja, zinasifu kazi, zina mdundo wa kutia nguvu, zimechukua sauti za vijijini na hata namna ya kasala. Lakini hesabu majina. Limo moja tu. Maelfu wanaimba na hakuna hata mmoja wao aliyemo ndani ya wimbo. Kasala iliyogeuzwa hivyo haimwiti mtu tena. Yamfuta, sawasawa na daftari la kampuni, tofauti ni kwamba sasa mfanya kazi anafutwa kwa kinywa chake mwenyewe.

Kipimo hicho hicho twaweza kukileta katika nyumba ya Kanisa. Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika Rerum Novarum mwaka 1891, akafundisha kwamba mshahara wa haki ni ule unaomtosha mfanya kazi mwenye kiasi aishi, na kwamba mapatano ya mnyonge na tajiri hayawi ya haki kwa sababu tu mnyonge ametia sahihi. Barua hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa miaka 15 kabla ya Union Minière kuundwa. Lakini katika makambi, ambako serikali, kampuni na misioni zilishikana mikono, watu walisikia habari za utii kuliko habari za barua ile. Yesu wa Nazareti alifanya kazi kwa mikono yake. Hilo lilihubiriwa ili mtu avumilie. Halikuhubiriwa sana ili kapita aone aibu.

Na bado humo humo lilitokea jambo jema. Padre Placide Tempels, Mfransisko, alipokuwa Ruwe, karibu na Kolwezi, katika miaka ya 1950 alianza kukaa na wafanya kazi wa migodi na wake zao, akiwasikiliza kuliko kuwafundisha. Ndiyo asili ya Jamaa. Maneno yao makubwa yalikuwa uzima, uzazi na mapendo, yakisemwa kwa Kiswahili hiki cha kazi. Tusiwaite washairi, wao wenyewe wangecheka. Lakini mafundisho yao yalikuwa na sura ya shairi: neno dogo linageuzwageuzwa, linaulizwa, mpaka linafunguka. Na ndani yake mume na mke waliitana baba na mama mbele ya padre, katika kambi ambamo mume alikuwa namba na mke alikuwa sehemu ya posho yake. Walioandika juu ya Jamaa wametafuta ndani yake siasa na hawakuiona. Labda walitazama vibaya, maana watu wale hawakudai kitu kwa kampuni. Walikuwa wamekwisha kuacha kuingoja kampuni iwaambie wao ni nani.

Tumesema mengi juu ya zamani, na msomaji atauliza kama mambo haya yapo. Yapo, tena kwa uchungu. Watu wa Katanga waliizoea kampuni hata wakaiita baba na mama. Iliwapa nyumba, shule, hospitali na unga. Union Minière ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, ikawa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na miaka michache baadaye kazi ilikuwa imesinyaa kabisa. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanya kazi zaidi ya 10,000, ambao wengi walikuwa wamedai mishahara ya miezi mingi, waliondolewa kazini kwa jina la kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, aliyekusanya maneno yao na ya watoto wao, alikipa kitabu chake kichwa kinachosema kwamba watoto wa shaba wametupwa na baba yao. Wazee wale wanakufa mmoja mmoja sasa. Wanaochimba leo kwa mikono kule Kolwezi na Kipushi, wakitoa kobalti na shaba magunia kwa magunia, hawana hata namba ya daftari.

Kwenye vilio vya wazee hao kasala yasikika bado mahali pengine, ikichanganyika na nyimbo za kwaya. Mahali pengine vijana hukodi spika kubwa, na sauti ya mama haisikiki. Tena kuna viongozi wa jumuiya ndogo wanaoogopa kwamba kasala ni mambo ya kipagani, wakaamuru rozari ianze mapema ili isipate nafasi. Tunawasihi wafikiri. Rozari ina usiku mzima. Mama akipewa nusu saa kumwita mtu wa tanuru kwa majina yake yote, imani haikupungukiwa na kitu; sisi wenyewe katika litania twawaita watakatifu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja tunampa jibu lake. Afadhali kijana wa parokia mwenye simu nzuri akae karibu na mama huyo na kunasa sauti yake, kwa ruhusa ya wenye msiba, kuliko kupiga picha za chakula.

Maana kalamu nayo imeanza kujifunza kwake. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na sasa akaa Graz huko Austria, alipata sifa mwaka 2014 kwa riwaya yake Tram 83, yenye mji wa migodi, wachimbaji, wanafunzi na kelele za usiku. Riwaya hiyo imesifiwa kupita kiasi, twaona. Kelele zake zachosha, na wasichana wake wanapita bila majina kama katika nyimbo za gitaa. Lakini mwaka 2021 alitoa kitabu cha mashairi ambacho kichwa chake chasema ni kasala kwa ajili ya babu yake. Kimeandikwa kwa Kifaransa, na wengi wa wasomaji wetu wa Kasomeno hawatakipata kwa urahisi. Atakayekipata akisome kwa sauti, uani, mbele ya watu.